Siku Niliyomwekea Baba Mkwe Matanga Akiwa Hai

Naona aibu hata kuanza, lakini kwa kuwa nusu ya Komini ya Tshopo, hapa mjini Kisangani, tayari inaijua habari hii, na ile nusu nyingine inaijua ikiwa imetiwa chumvi, afadhali niisimulie mwenyewe: mimi Faustin, mtu mzima mwenye akili zangu, nilimwekea baba mkwe wangu matanga, watu wakalia, nami nikalia kuliko wote, na mzee mwenyewe alikuwa hai, ana afya yake, yuko njiani anarudi nyumbani na samaki.

Ngojeni kwanza niwaeleze tunavyoishi, mimi na mke wangu Bibiche, msije mkanihukumu haraka. Sisi hatuna nyumba. Tuna pikipiki moja, turubai moja kubwa la buluu (huku kwetu tunaliita bâche), mikeka miwili, sufuria, sanduku langu la vifaa vya kutengenezea simu na taa za sola, na vitana vya Bibiche, maana yeye anasuka nywele. Mwaka wa nne huu tunazunguka hivyo, mara Banalia, mara Isangi, mpaka kule Barumbu, na barabara ikiishia mtoni tunapakia pikipiki kwenye mtumbwi tunaendelea. Bibiche akiona kijito chenye maji safi ananigonga begani, "simamisha," tunasimama, tunaoga, tunafunga bâche hapohapo, hata kama asubuhi tuliapa kufika mahali pengine kabisa. Tumekaa kwenye visiwa vya mchanga, tumekaa chini ya meza za soko, siku moja siafu walitufukuza tukaokoa sufuria tu. Mimi maisha hayo nayapenda sana, na Bibiche anayapenda kunishinda.

Asiyeyapenda ni Papa Anselme, baba yake. Ni mvuvi wa zamani, mjane, anakaa peke yake pale Tshopo, na Bibiche ndiye mtoto pekee aliyebakiwa naye. Lawama yake ilikuwa moja, na aliirudia kila tulipopita: "Siku nitakufa, nyinyi njo mutasikia wa mwisho." Mwishowe akatuma neno kwamba tufike Jumapili, atatoa uamuzi wake, ama tunatulia mahali pamoja, ama Bibiche anabaki kwake na mimi naendelea na barabara yangu peke yangu. Na kwetu baba akishasema binti arudi, mkwe huna la kujibu. Kwa hiyo nilikuwa nakwenda Kisangani roho mkononi.

Tulitoka Banalia Jumamosi, mvua ikatupiga njia nzima, tukafika Tshopo Jumapili saa tatu asubuhi tumelowa chepechepe, na simu zetu zote mbili zimeingia maji zimezima (ndiyo, fundi simu asiye na simu, chekeni tu). Mlango wa Papa tukaukuta umefungwa. Tulijua alikwenda Yanonge kwa ndugu zake na kwamba angerudi siku hiyo kwa boti. Bibiche akasema ufunguo huachwa kwa Mama Hélène, jirani, ngoja aende kuuchukua. Na hapo, jamaa zangu, ndipo nilipokata lile shauri dogo lililoniponza. Nikasema hapana. Mkwe haingii nyumbani kwa baba mkwe wakati mwenyewe hayupo, tena siku ya kuhukumiwa, tena na matope miguuni. Tufunge bâche yetu hapa nje, tujianike, tumngojee kwa heshima. Nilijiona mtu mwenye adabu kweli.

Sasa sikilizeni nilivyofanya. Kiwanja cha Papa ni chembamba na bâche yetu ni kubwa, kwa hiyo upande mmoja niliufunga kwenye mparachichi wake na upande wa pili nikauvusha mpaka kwenye nguzo ya ng'ambo, njia yote ikafunikwa. Pa kuingilia palikuwa na tope, nikakata matawi ya michikichi nikayapanga pale. Nikakokota gogo nene nikaliwasha ili nguo zikauke. Halafu nikaenda pale kona kwa bwana mmoja mwenye viti vya plastiki vya kukodisha, kumwomba viti kumi vya kuanikia mizigo. Yule bwana kwa kawaida hakupi hata kigoda bila kukuhoji, lakini alichungulia kule nilikotoka, akavua kofia, akanipa viti thelathini na akanisaidia kuvibeba. Na Bibiche naye, macho mekundu ya moshi, amejifunga kichwani kitambaa cheusi (ndicho pekee kilichosalimika na mvua), alikuwa amejinyoosha chini kwenye mkeka, amechoka hoi.

Mtu yeyote wa Kisangani akiona bâche imefunga njia, matawi ya michikichi langoni, gogo linawaka mchana, viti vimepangwa na mwanamke yuko chini kwenye mkeka, haulizi, anajua ni matanga. Mimi pia najua, nimezaliwa Mangobo, hapahapa mjini, nimekaa kwenye matanga kuliko nilivyokaa darasani. Lakini nyani haoni kundule.

Misa ikatoka, watu wakaanza kupita. Wa kwanza akasimama, akainamisha kichwa, akaja kukaa. Akaja wa pili, wa tano, mama mmoja akaleta kuni, mwingine ndoo ya maji, mwingine lituma, ndizi zetu za kuponda, kwenye bakuli lililofunikwa, na wote wanakaa kimya. Mnajua mimi nilifikiri nini? Nilifikiri mtaa umekuja kumpokea mkwe. Nilijiambia, Faustin, kumbe unapendwa hivi, na Papa akifika akakuta umati huu atatoa uamuzi gani mbaya? Basi nikawa napita kati ya viti natabasamu meno yote nje, nashika watu mikono, nawaambia asante kwa kufika, jisikieni nyumbani. (Baadaye niliambiwa kwamba wamama walinong'onezana: "Musimuangalie sana, uchungu imemupanda mu kichwa.")

Halafu akaingia Mama Hélène pamoja na kwaya yake, bado wamevaa sare. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye mkeka, akapiga magoti, akamkumbatia Bibiche. Na Bibiche, ambaye tangu Banalia alikuwa anabana moyo kwa hofu ya kutenganishwa nami, alipopata kifua cha mama wa kumlalia akaangua kilio. Mama Hélène kuona hivyo naye akaachia sauti yake yote ya kwaya: "Yoo, Anselme, unatuacha na nani?" Wanawake wote wakaitikia.

Tabasamu langu likaganda. Nilimtazama Bibiche, naye akanitazama, na nadhani tuliwaza jambo lilelile kwa wakati mmoja: basi limetokea. Mzee amefia Yanonge, habari imefika mtaani kwa simu, watu wote wanajua, na sisi, kama alivyosema mwenyewe, tumesikia wa mwisho. Bibiche akaanguka upya, na kilio hiki cha pili kilikuwa kingine kabisa.

Mtaniuliza kwa nini sikumvuta mtu pembeni nikamwuliza. Ningeuliza nini? "Samahani, eti ni kweli baba mkwe wangu amekufa?" Chini ya bâche niliyoifunga mimi mwenyewe? Nao hawakuuliza kwa sababu mtu mwenye msiba hahojiwi, unakaa tu naye. Mmoja alikuwa amejaribu hata kupiga namba ya Papa, na ilipokataa kuita akaona ndiyo ushahidi. Kwa hiyo wao walituamini sisi, sisi tukawaamini wao, na marehemu hakuwepo wa kutukatalia.

Nililia, na sikuigiza. Nilikumbuka mara ya mwisho tulipopita kwake alikuwa amepika samaki, akatuwekea sahani tatu mezani, nami nikamwambia Papa tusamehe, tunawahi mtumbwi, tukaondoka akiwa amesimama na mwiko. Hakukuwa na mtumbwi wowote, nilitaka tu kufika mbele. Jambo hilo lilinichoma kiasi kwamba wazee waliponiashiria kuwa ni zamu ya mkwe kuagana na marehemu, nilisimama nikafumba macho nikaanza kusema bila kupima.

"Papa, unisamehe. Miye njo nilikukatia mutoto wako mbali. Kama ningejua, ningejenga hapa pembeni yako, tungekuwa tunakula pamoja kila siku. Na nitajenga. Mbele ya hawa watu wote nasema, matofali nitapiga na hii mikono yangu. Na pikipiki nitauzisha." (Hapo nilisikia kilio cha Bibiche kikakatika kidogo. Hata ndani ya msiba, habari ya pikipiki aliisikia.)

Wakati huo, nyuma kabisa, mzee mmoja alikuwa ameshuka kutoka bandarini na furushi lake la samaki wa moshi. Alipokuta matanga kwenye njia yake akafanya anavyofanya Mkristo yeyote, akavua kofia, akatafuta kiti, akakaa, kisha akamwinamia mtu wa pembeni akamwuliza polepole, "Nani alikufa?"

"Ni Papa Anselme," yule akajibu bila kugeuka.

"Anselme gani?"

"Ule muvuvi, wa hii nyumba." Ndipo akageuka.

Mimi sikuona, nilikuwa nimefumba macho. Nilisikia tu ukelele, halafu viti vinaanguka, halafu miguu mingi sana, na (Mungu anisamehe) nilidhani ni maneno yangu yamewazidi watu uchungu, kwa hiyo nikapandisha sauti. Nilikuwa nawaelezea watu madirisha nitakayoweka. Nilipoona hakuna tena anayeitikia nikafumbua macho. Njia nzima viti chali. Mwimba besi wa kwaya amekwama kwenye ua wa miti wa jirani, sare imeshikwa na miiba. Na katikati, kwenye kiti pekee kilichobaki wima, Papa Anselme na furushi lake magotini.

"Endelea, bokilo," akasema, maana huku kwetu bokilo ndiye mkwe. "Ulikuwa umefika ku madirisha."

Bibiche alimrukia akamshika shingo kama anamzuia asiondoke tena, analia na kucheka. Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Watu wakarudi mmojammoja, kwanza Mama Hélène, ambaye alimgusa Papa mkono mara tatu kabla ya kusalimia, na ilipoeleweka nini kimetokea vicheko vikasikika mpaka kwenye daraja la mtoni. Samaki wa Papa wakagawiwa na lituma ikaliwa yote.

Baada ya kula mzee akagonga kiti, watu wakanyamaza.

"Bon. Nilikuya na uamuzi yangu. Lakini haina tena kazi, mutu amejikatia hukumu yeye mwenyewe."

"Papa," nikasema, kichwa chini, "nilisema vile sababu nilizani umekufa."

"Njo juu ya ile nakuaminia. Mutu hadanganyake maiti. Nikiwa muzima, ni siku gani uliniambia hata nusu ya ile maneno?"

Akanisogelea akaniuliza kwa sauti ya chini, wengine wasisikie, "Ulilia kweli?" Nikasema ndiyo, Papa. Akapangusa miwani, kisha akanipa kichwa cha samaki alichokuwa amejiwekea mwenyewe.

Pikipiki haikuuzwa, Bibiche alikaa juu yake akakataa kushuka mpaka baba yake alipokubali: nyumba ikishaezekwa tutakuwa huru kwenda tunakotaka, ila njia zote ziwe za kurudi. Sasa niko kwenye tofali la mia nne na kitu, mikono imechubuka, na kila anayepita ananiuliza madirisha yatakuwa mangapi. Basi wewe mwenzangu, ukikuta watu wanalia, hata kama ni chini ya bâche yako mwenyewe, meza aibu, uliza kwanza nani amekufa. Na kama una neno zuri la kumwambia mzee wako, mwambie leo akiwa anakula, maana mimi nililisema kwenye matanga yake na bado nilipata bahati ya kusikilizwa, na bahati hiyo najua wengi hawaipati.