Suti ya Bosi Printa

Mdogo wangu ni fundi cherehani. Mtaani wanamwita Pindo, maana nguo ikitoka mikononi mwake, pindo lake halifumuki mpaka nguo yenyewe ichanike. Na kinyongo chake kiko vivyo hivyo. Tumerithi kwa mama.

Binti yake alipomaliza shule aliomba chuo cha uuguzi, na hapohapo akaomba mkopo wa masomo. Kazi hiyo waliifanya kwa Bosi Printa, kijana mwenye kompyuta mbili na kiti kinachozunguka. Baadaye binti akapata nafasi chuo kingine, cha maabara, ndicho alichokuwa akikililia tangu zamani. Akarudi kwa Bosi kubadilisha.

"Imeisha hiyo," Bosi akasema. "Nenda kafungashe sanduku."

Kumbe chuo kilibadilika, mkopo haukubadilika. Binti alipofika chuoni na godoro lake, akaambiwa mkopo upo, lakini umeandikwa kule kwenye uuguzi. Huku hana kitu. Kulikuwa na ujumbe wa kumtaka athibitishe chuo kipya, na muda wake ulikuwa umepita.

Ujumbe gani? Simu yake haikuwahi kupokea kitu. Ndipo tukajua: Bosi Printa kila mteja humwandikia namba ya simu yake yeye Bosi, ili watu wasiache kurudi kibandani kwake.

Pindo alimwendea, mimi nikiwa nyuma yake. Bosi hata hakusimama.

"Ujumbe uliingia, mama. Nilikuwa nangoja binti aje. Ndivyo tunavyofanya kazi."

"Na wewe huna miguu? Nyumba yetu unaiona kutoka hapo ulipokaa."

"Mama, nikimfuata kila mteja nitafunga duka."

Nikadhani mdogo wangu atamrarua. Akasema tu, "Haya, baba," tukaondoka. Mwaka mzima binti alikaa kwenye cherehani ya pili akishona sare za wenzake, na mama yake hakumtaja Bosi hata mara moja. Binti alipoomba tena aliandika namba yake mwenyewe, akapata chuo, akapata na mkopo. Watu wakasema yameisha. Watu hao hawamjui mama yetu.

Mpigaji husahau, aliyepigwa hulalia upande usiouma. Bosi alipotaka kuoa alikuja kwa nani? Kwa Pindo, kwa kuwa hakuna mwingine mtaani anayejua kukata bega la koti. Alileta vitambaa viwili, cha kijivu na cha bluu, akachagua kijivu. Pindo akampima huku akimtania kitambi. Siku chache baadaye simu ya Pindo ikalia. Bosi ameandika: bibi harusi anataka bluu, shona bluu. Mdogo wangu akausoma, akanipa na mimi niusome, kisha akachukua mkasi akakata kijivu.

Kesho ni harusi, leo Bosi yuko mlangoni.

"Fundi, mbona kijivu? Nilikutumia ujumbe."

"Uliingia, baba."

"Sasa?"

"Nilikuwa nangoja uje. Ndivyo tunavyofanya kazi."

Nilimwona anavyokumbuka, kuanzia masikio kushuka shingoni. Akanigeukia mimi. "Mama mkubwa, sema naye basi."

"Mimi niliishia shule ya msingi, mwanangu," nikamwambia. "Mambo ya kubadilisha siyajui."

Harusini tulikaa mbele kabisa. Bibi harusi bluu, wasimamizi bluu, mapambo bluu, na katikati Bosi wa kijivu kama nguzo ya umeme. Na haki ya Mungu, bega lilikaa vizuri.

Jirani mmoja alimwambia Pindo amekuwa na roho mbaya, angesamehe. Pindo akamjibu, "Nimemshonea. Ningekuwa mbaya ningemwacha aoe uchi."

Kitambaa cha bluu Bosi hakukifuata tena. Binti ana sketi nzuri sana ya kuvaa maabara.