Foleni ya Chuoni Siku ya Uchaguzi Mdogo

Siku yangu ya kwanza kusimamia kura nilikuwa mwalimu kijana wa shule ya msingi, Kirua Vunjo. Msimamizi wa uchaguzi wa jimbo, mzee mkali aliyefunga tai hata juani, alitufundisha kuwaonyesha mawakala wa vyama sanduku tupu kabla ya kulifunga kwa lakiri. Kisha akanigeukia.

"Mwalimu, saa kumi jioni mlango haufungwi. Inafungwa foleni. Askari anasimama nyuma ya mtu wa mwisho, na wote walio mbele yake wanapiga kura."

Hivyo ndivyo nilivyofanya miaka yote, Kahe kwenye joto na Sanya Juu kwenye vumbi.

Kisha mbunge wetu akafariki, ukaitishwa uchaguzi mdogo. Nikapangiwa kituo cha chuo kikuu, hapa Moshi. Wanafunzi walikuwa wamejiandikisha hapohapo na walifika mapema. Msimamizi msaidizi wa jimbo, kijana aliyeletwa juzi tu, akaagiza wakae pembeni.

"Wenyeji kwanza. Hawa wana kwao."

"Wamejiandikisha hapa," nikamwambia. "Sheria haiulizi kihamba, shamba la ukoo la babu yao, kiko wapi."

"Mama, fuata maagizo."

Kutwa nzima kila mwenyeji aliyetokea alipitishwa mbele yao. Mawakala wawili walipolalamika, walitolewa nje. Ilipofika saa kumi, foleni ya wanafunzi ilikuwa bado imezunguka bweni. Nikamwita askari asimame nyuma yao. Bwana yule akamrudisha getini. Basi nikamwachia karani meza, nikaenda kusimama mwenyewe.

Msichana aliyekuwa wa mwisho akageuka.

"Shikamoo mama. Tutapiga kweli?"

"Marahaba. Mtapiga."

Sijamaliza kusema, mlango ukafungwa kwa ndani.

Niligonga mpaka viganja vikavimba. Waliponifungulia, ilikuwa ni kunivua kitambulisho. Nilipolalamika kwa wakubwa, nilijibiwa kwa upole kwamba umri umekwenda, nipumzike. Sijaitwa tena.

Sasa nakata majani ya ng'ombe wangu na kupalilia migomba. Mwili umepumzika, moyo umekataa. Mbunge aliyepatikana siku ile husema redioni kwamba vijana wetu hawajali, siku ya kura hawajitokezi.

Mwongo mkubwa. Walisimama juani kutwa nzima, nami nilikuwa nyuma yao.