Kamusi Niliyoifunga kwenye Kitenge

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, niliyokataa punje tatu za kahawa kutoka mkononi mwa baba yangu mzazi. Imenirudia tangu juzi, uliposikia rafiki yako Jovina amepata nafasi ya chuo kikuu na wewe hukupata, ukazima simu na kuniambia akija kuaga nimwambie umeenda dukani Kashai. Nilijifanya nachambua mchele. Lakini ile sura uliyokuwa nayo naijua sana, niliwahi kuivaa miaka mingi.

Mama yako mdogo Koku unamjua. Tulizaliwa kijijini Kimwani, tumbo moja, wawili tu. Mama yetu alipopata kiharusi, mimi nilikuwa chuo cha ualimu na Koku alikuwa kidato cha pili. Mmoja wetu alipaswa kubaki nyumbani, na hakuna hata aliyeuliza ni nani, maana mimi nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja. Koku akavua sare. Akamgeuza mama kitandani, akamwogesha, akamlisha, na kibanja chote cha migomba na mibuni kikawa juu yake, miaka sita mpaka tukamzika mama. Mimi nilikuwa narudi likizo na viatu vyangu vya kisigino, naitwa Mwalimu.

Sasa sikiliza jambo hili la kikapu. Kwetu mtu akiketi anapewa kwanza kahawa ya kutafuna, ile buni iliyochemshwa ikakaushwa. Tata, ndivyo tulivyomwita baba, alikuwa na kikapu chake kidogo chenye mfuniko na utaratibu wake mwenyewe: anaanza na mgeni, na kama hakuna mgeni anaanza na mimi. “Mwalimu kwanza,” alikuwa anasema, na wajomba wenye mvi wanangoja. Nilikipenda kile kikapu kuliko mshahara wangu.

Miaka ikaenda. Koku akaolewa, mume akaenda visiwani kuvua na hakurudi tena. Akiwa na watoto wawili, akahamia Kashai, akapanga chumba kimoja, mchana anachoma ndizi za kuuza na jioni anakwenda darasani na vijana wanaoweza kumwita mama. Niliposikia nilicheka. Mara ya kwanza alifeli hisabati. Mungu anisamehe, wiki ile nilikuwa naimba jikoni. Akarudia, akafaulu, akasema sasa anataka kidato cha sita. Hapo kuimba kukaisha.

Unajua wivu wangu ulikuwa wa namna gani? Nilikuwa naona wivu hadi kwa kalamu yake. Jumamosi alikuwa anapita hapa nyumbani Bilele na daftari lake, ananiuliza neno la Kiingereza, na neno lenyewe silijui. Namwambia nina kazi. Siku moja akasema, “Dada, naomba uniazime kamusi yako, mtihani uko karibu.” Nikamjibu kwamba mwalimu mwenzangu ameichukua. Ilikuwa kabatini, nimeifunga kwenye kitenge. Akashukuru, akaondoka, nami nikabaki nimesimama mbele ya kabati kama mwizi aliyejiibia mwenyewe. Hata hivyo sikuifungua ile kamusi nimkimbilie nayo.

Alifaulu bila kamusi yangu. Akachaguliwa chuo kikuu Mwanza, kusomea ualimu. Ualimu, mwanangu! Angekuwa daktari ningevumilia. Lakini alikuja kwenye kazi yangu ileile, apande juu yangu, afundishe sekondari mimi nikiwa bado na watoto wa darasa la pili wasiojua kufuta pua.

Tata akatuita Kimwani Jumapili ile baada ya ibada. Tulikuwa mimi, Koku, na Shangazi Adeodata, dada mkubwa wa baba. Nilijua anachotaka kuniomba: watoto wa Koku wakae kwangu wakati mama yao anasoma. Nyumba yangu ilikuwa na vyumba vitatu, kimoja kimefungwa kinangoja wageni wasiokuja. Bila mtu wa kukaa na watoto, Koku hakuwa na njia ya kwenda.

Tata akafungua kikapu. Hapakuwa na mgeni, nikanyoosha mkono kama kawaida yangu. Mkono wa Tata ukanipita. Akamwekea Koku punje tatu kwanza, akasema, “Leo tuanze na huyu.” Kisha akanigeukia mimi.

Nikaurudisha mkono wangu mapajani. “Tata, leo sitafuni,” nikasema.

Wewe umekulia mjini, huenda huoni uzito wake. Kukataa kahawa ya mzee mbele ya ndugu ni kutangaza kwamba kati yenu kuna uadui, na mtu aliyekataa kahawa yako humwombi kitu tena. Tata akarudisha punje zangu kikapuni, akafunika, akaanza kuzungumzia mvua. Habari ya watoto haikutajwa kabisa. Koku aliinamisha kichwa, kahawa yake bado imefumbatwa mkononi.

Nilipotoka nje, Shangazi alinifuata hadi kwenye migomba.

“Jeneroza, unajua ulichokifanya?”

“Sikujisikia kutafuna, Shangazi.”

“Mimi ni mtu mzima, waitu mwanangu, usinidanganye. Ulipokuwa unafundishwa kushika chaki, nani alikuwa anamfulia mama yako mashuka? Huyo mtoto alikupa miaka yake ukaifanya cheti. Leo anakuomba chumba tu.”

Ningependa kukwambia kwamba nililia, nikarudi ndani na kupiga magoti. Hapana. Nilipanda bodaboda hadi barabara kuu nikiwa nimenuna, na njia nzima hadi Bukoba nilikuwa najiona nimeonewa.

Watoto walichukuliwa na Ma Winfrida, jirani wa Koku pale Kashai, muuza vitumbua mwenye wanne wake na vyumba viwili. Koku akaenda Mwanza. Kwa miaka mitatu wale watoto walikuwa wanapita mbele ya nyumba hii wakienda shule, wamevaa masweta yaliyofumwa na Ma Winfrida, wananiamkia, “Shikamoo, mama mkubwa.” Naitikia, kisha naingia ndani kukitazama kile chumba kilichofungwa. Siku moja nilimsikia mdogo wao akimwita Ma Winfrida mama. Nilifunga dirisha.

Koku alipohitimu, sherehe ilifanyika Kimwani. Mikono ya Tata ilikuwa imeanza kutetemeka, kwa hiyo kikapu alikishika Koku. Alianza na Ma Winfrida, muuza vitumbua, mbele ya wachungaji na walimu wakuu. Akapita kwa wote. Aliponifikia nilikuwa nimeshanyoosha mikono yote miwili tangu alipokuwa mbali. Akaniwekea punje tatu, akainama karibu na sikio langu.

“Dada,” akasema akitabasamu, “ile kamusi, mwenzako alishairudisha?”

Kumbe alijua siku zote. Nilitafuna ile kahawa huku machozi yanaingia mdomoni, na watu wakadhani ni furaha.

Alinisamehe, bado anakuja hapa, umemwona. Lakini binti yake alipoolewa, kiti cha mama wa pili alikikalia Ma Winfrida, mimi nikakaa nyuma na majirani. Na nikuambie ukweli, mwanangu, hadi leo namwonea wivu Ma Winfrida. Huu nao sijaumaliza.

Kwa hiyo siwezi kukwambia usimwonee wivu Jovina. Utamwonea, na usiku utauma zaidi. Ninachokuomba ni kwamba usiuache wivu utumie mikono yako na mdomo wako. Ulie chumbani, kisha unawe uso utoke. Nafasi yako utaitafuta tena mwakani. Koku alirudia mtihani akiwa na watoto wawili, wewe una miaka kumi na tisa na nyumba yenye taa. Lakini rafiki akiondoka bila wewe kumuaga, kiti ulichoacha hukipati mwakani.

Jovina anakuja saa kumi. Sitamwambia umeenda dukani, nilishadanganya mara moja katika nyumba hii na inatosha. Kamusi iko kabatini, bado ipo kwenye kitenge kilekile. Ifungue, umpe kwa mkono wako mwenyewe aende nayo chuo. Mungu akulinde, mwanangu, akupe na wewe siku yako, na siku hiyo akuletee watu wa kukufurahia bila kununa.