Steringi wa Viazi

Nilihamishiwa Mbinga nikiwa nimenuna. Mtu wa Tanga, nimezoea jasho, napelekwa kwenye baridi ya milimani kuwa bwana shamba! Kilichoniponya ni kibanda umiza cha mama mmoja wa Kimatengo.

Kilikuwa ghala lake la kahawa. Msimu ukiisha anafagia, anapanga mabenchi, anafunga runinga ukutani, na Jumapili baada ya misa watu wanajaa. Filamu za Kimarekani alizitafsiri mwenyewe papo hapo, maiki mkononi. Alikuwa katibu muhtasi mstaafu. Kiingereza kilipomwishia, alitunga. Mdomo haukupumzika. Gari likilipuka anasema, mbwa akibweka anasema, na watu walimpendea hilohilo.

Halafu kikafunguliwa kibanda kingine karibu na stendi, chenye skrini kubwa na filamu mpya za vita. Mabenchi ya mama yakaanza kubaki matupu.

Nikampa flashi yangu. Mimi ni mgonjwa wa filamu ndogo za Kimarekani, zile za watu wasio na kampuni kubwa nyuma yao. Wanaazima kamera, wanapiga picha jikoni kwa shangazi, na mwigizaji ni shangazi mwenyewe. Wakubwa wa sinema waliwacheka sana, mpaka tuzo zilipoanza kwenda huko. Sasa wakubwa haohao ndio wanaowapigia hodi. Nawapenda watu wale kwa ubishi wao. Niliyomletea mama ilimhusu mwanamke anayemngoja mwanawe aliyekwenda mjini na hapigi hata simu. Aliyemwigiza ni shangazi wa mtengenezaji. Bunduki hakuna.

Aliitazama kwanza peke yake, akatoka macho mekundu.

"Bwana shamba, unataka kuniua wewe," alisema. "Haya, tutaionyesha. Wakitoka, narudisha magunia yangu humu, kibanda basi tena."

Jumapili ikafika. Haikuchukua muda, dereva wa lori la makaa ya mawe ya Ngaka, mteja wake wa siku zote, akapaza sauti: "Mama, steringi nani hapa?"

Kwa watazamaji wetu, filamu isiyo na steringi, yule shujaa asiyekufa, ni ugali bila mboga. Wakamchagua mwanamume mwenye koti zuri. Mwenye koti akatoka mlangoni, hakurudi. Miguno ikaanza. Vijana wa nyuma wakasimama waondoke.

Hapo mwanamke akaketi mezani kumenya viazi, simu mbele yake, haiiti. Anamenya tu. Mama akainua maiki. Nikajua atatunga: atamtilia mwanamke maombi mdomoni, au matusi kwa mwanawe. Akaizima, akailaza mapajani.

Hakuna aliyewahi kumsikia mama amenyamaza. Vijana wakageuka kutazama kulikoni. Kisu kikasikika, kisha kiazi kikitumbukia sufuriani. Bibi mmoja aliyetoka kijiji cha Ukata kusalimia wajukuu akasema, "Steringi si huyo hapo? Hamwoni?"

Vijana wakakaa. Walikaa hadi mwisho, na Jumapili iliyofuata mabenchi hayakutosha. Nimewahi kufanya kazi chini ya wakubwa wengi wenye sauti nene, lakini sijamheshimu mtu kama nilivyomheshimu mama yule kwa kuzima maiki.

Msimu huu dereva katuletea filamu mpya ya mtengenezaji yuleyule wa ile ya viazi. Kampuni kubwa imemchukua, imempa helikopta na madaraja ya kulipua. Niliogopa kwamba wamemmeza mzimamzima. Mama alitafsiri milipuko mpaka sauti ikamkauka. Kisha, katikati ya vita, shujaa akapita nyumbani kwa mama yake. Mlango wa jiko ukafunguka, na pale mezani alikuwa shangazi yuleyule, kazeeka kidogo, anamenya viazi.

Mama akazima maiki bila kuambiwa na mtu. Dereva akainuka pale benchi la mbele, akavua kofia.

"Shikamoo, steringi," akasema.