Gari Lililokunywa Maji ya Mama

Nianze kwa kukiri kwamba nililichukia gari la baba. Watu wa kwetu Kathonzweni walilipenda. Siku za soko walilizunguka, wakajitazama kwenye milango yake na kunyoosha kola. Mimi nililichukia kwa sababu moja tu: kila Jumamosi lilioga ndoo tatu za maji, na maji hayo tulikuwa tumeyatoa mtoni mimi na mama.

Mto wetu ni mchanga mtupu karibu mwaka mzima. Unachimba shimo, unangoja maji yajitokeze, unachota kwa kikombe, kidogo kidogo, hadi mtungi ujae. Punda alibeba mitungi minne. Kwenda na kurudi ilikuwa asubuhi nzima, na kile kilima cha kutoka mtoni ndicho kilichomharibu mama magoti. Halafu ufike nyumbani umkute baba amekunja suruali, kitambaa begani, anangoja maji. Haki ya Mungu, kuna siku niliombea punda ateleze.

Baba alikuwa akinunua pamba na ndengu kwa wakulima na kuziuza mbele. Pamba ilipomlipa vizuri, miaka ya themanini ikiwa ndiyo kwanza inaanza, alipanda basi hadi Nairobi akarudi na gari la Kijerumani, jeupe, jipya kabisa, kutoka kwa ajenti mwenyewe. Siku hizo gari la aina hiyo lilipita mlango mmoja tu, wa ajenti, na foleni yake haikuwa mchezo. Kwa hiyo hata lililokwisha kutumika watu waliligombania, na aliyelitunza aliweza kuliuza kwa bei kubwa kuliko aliyonunulia. Baba alilijua hilo. Hakulinunua aliendeshe. Alilinunua aliuze.

"Hii gari ndiyo tanki yako," alimwambia mama.

Alimaanisha tanki la mawe la kuvunia maji ya mvua, ambalo mama alikuwa akilililia tangu aolewe. Mama akamwamini. Siku hiyohiyo alikwenda nyuma ya nyumba, upande ambao mabati humwaga maji, akapanga mawe kwa duara, pana kama zizi la mbuzi. Ndani ya duara hilo tulikatazwa kupanda hata kunde.

Baba naye akaanza kazi ya kutunza bei. Viti vilitoka dukani vimefunikwa nailoni, na akakataa katakata isitolewe. Tuliikalia miaka yote. Jua likiwaka ilituchoma mapaja, na ukiinuka ilitoa sauti ya aibu, hasa mchungaji akiwa ndani. Mvua ikinyesha, gari halitoki. Maharusi wa kanisani waliliomba na baba hakuwanyima, lakini alimfuata bibi harusi kwa kitambaa mkononi, anafuta kila alipogusa. Sevisi ilifanywa Nairobi kwa ajenti, hakuna kwingine, na kila mara kijitabu cha gari kilipigwa muhuri. Kijitabu hicho kilikaa kwenye mkebe wa biskuti pamoja na hati ya shamba na cheti chake cha ubatizo.

Tulicheka, ndiyo. Lakini kwetu hivyo ndivyo mali ilivyotunzwa. Ng'ombe ukimlisha ananenepa, shamba ukiliwekea matuta linazaa. Baba aliamini gari nalo litazidi thamani kwa sababu tu amelipenda. Nani angemwambia vingine, na bei zilikuwa zikipanda kweli?

Nikiwa kidato cha tatu, alikuja dalali wa magari kutoka Makindu, Mwislamu mpole ambaye wazazi wake walitoka pwani. Mama alikuwa mtoni. Nilimwandalia mgeni chai, na nikiwa nimeshika birika nikasikia bei aliyotaja. Ilitosha tanki, na posho mili ya kusagia mahindi juu yake. Baba akatabasamu, akasema bado, angoje miaka miwili, linapanda. Mgeni alipoondoka, baba alinitazama akasema mama asisumbuliwe na hayo mazungumzo. Na mimi nikanyamaza. Hilo nalo linaniuma mpaka leo, maana jioni hiyo mama alirudi akaniomba nimkande magoti, nikamkanda, na bado nikanyamaza.

Ikaja miaka ya tisini. Serikali ikalegeza masharti, na mtu yeyote mwenye pesa akaweza kujiletea gari lake bila kupitia kwa ajenti. Wakati huo nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi karibu na Makindu. Nikiwa stendi, kando ya barabara kuu ya Mombasa, niliyaona magari hayo yakipanda kutoka bandarini, yamefuatana, hayana nambari, vioo vimeandikwa kwa chaki. Kati yake mlikuwa na magari kama la baba, jamaa yake kabisa, ila macho ya taa yalikuwa ya kisasa zaidi. Yalitengenezwa Ujerumani, yakatumiwa na Wajapani miaka michache, ndipo yakaletwa Mombasa. Mwisho wa mwezi nilimweleza baba. Alinicheka. Ati hayo ni mitumba, na nani ataacha la ajenti, la mwenye mmoja?

Mwaka uliofuata muuguzi alimkataza mama kushuka mtoni. Goti moja lilikuwa halikunjiki tena. Baba hakubishana. Aliliosha gari siku mbili mfululizo, akatoa kijitabu kwenye mkebe, tukaenda Makindu mimi na yeye. Tulitambaa kwenye barabara ya muramu hata baiskeli zikatupita.

Dalali alitupokea kwa heshima. Uani kwake yalikuwapo magari matatu ya aina hiyohiyo, meupe, mapya kuliko letu. Baba hakuyaangalia. Alimpa kijitabu akaanza kumweleza habari za kila muhuri, na yule bwana, Mungu ambariki, alifungua ukurasa baada ya ukurasa bila haraka. Kisha akakifunga, akakirudisha kwa mikono miwili.

"Mzee, nisikudanganye," alisema. "Kwa bei unayotaka, mtu anachukua yangu mawili. Mimi nitakupa nusu ya ile niliyokuja nayo kwako, na hata hiyo naitoa kwa sababu nakujua."

Baba aliuliza kama ameona nailoni. Dalali akajibu kwamba ameiona. Baba akauliza kama hao Wajapani wana mihuri ya ajenti. Hapo nikatoka nje, sikuweza kusikiliza. Nilikuwa nimebeba hasira ya miaka kumi na zaidi, nimeitunza vizuri kama yeye na gari lake, na sasa nilipoitafuta sikuipata. Nilimhurumia tu.

Alikataa. Tukarudi nyumbani. Mama alikuwa ameketi kibarazani anachambua muthokoi, mahindi yaliyokobolewa. Baba alisimama mbele yake, kofia mkononi, akamwambia yote: nusu ya leo, na ile bei ya zamani aliyoikataa. Hakunitaja. Mama aliweka ungo chini.

"Hiyo nusu inajenga tanki?" akauliza.

"Ndogo."

"Basi kesho rudi ukaichukue. Lakini leo toa hiyo nailoni, unipeleke mtoni nikiwa nimeketi."

Baba alileta kisu. Nailoni ilikuwa imekauka, ikatoka vipande vipande. Mama akaingia mbele, taratibu, goti limenyooka, nami nyuma na mitungi. Gari liliteremka ile njia ya punda likigonga mawe chini, na baba akaendelea kuendesha. Tulipofika, mama hakushuka. Alikuwa akipapasa kiti pande zote mbili kwa viganja.

"Kumbe ni laini," alisema.

Baba aliinamisha kichwa kwenye usukani. Alilia, tena kwa sauti, na mama akamwacha alie hadi akamaliza. Kisha tukachota maji.

Gari liliuzwa kesho yake. Tanki lilijengwa kabla ya mvua za Novemba, nalo lilikuwa dogo kweli. Lilikaa katikati ya duara la mama na nafasi ikabaki kote, hatua mbili tatu kila upande. Mawe mama hakuyatoa.

Mvua ilinyesha wiki nzima. Jumamosi ya kwanza baada ya tanki kujaa, nilikuwa nyumbani. Baba aliamka, akakunja suruali, akatupa kitambaa begani, akafungua bomba la tanki na kujaza ndoo. Akaibeba hadi uani, pale gari lilipokuwa likisimama, akaiweka chini. Alisimama hapo. Mama akatoka jikoni kwa mwendo wake wa kuchechemea, akamvua kitambaa begani, akaichukua ile ndoo na kwenda kubandika muthokoi.