Siku Walipomvunia Maharage

Simu iliyonipa habari ilikuwa fupi: mzee amefariki, mazishi ni kesho saa nane, ukiweza njoo. Aliyepiga alikuwa mkewe, na hakulia. Nilipokata simu nilikaa palepale, nikitafuta kichwani mtu mwingine wa kumpigia, mtu ambaye angeshtuka kama nilivyoshtuka mimi. Sikumpata. Marehemu hakuwa ndugu yangu, wala hatukusoma pamoja. Tulijuana kwa sababu ya maharage, na sidhani kama kuna msomaji wa safu hii aliyewahi kumsikia. Alikuwa msaidizi wa shamba katika kituo kidogo cha utafiti wa kilimo huko Ngara. Kituo kilipokufa, wenzake wote waliambiwa wakaondoka. Yeye naye aliambiwa, ila nadhani alikataa kusikia.

Watu wazima wa wilaya zetu mbili, Ngara na Biharamulo, wanakikumbuka kituo hicho. Watafiti walipita nyumba kwa nyumba, kuanzia Mugoma mpaka Bisibo, wakiwaomba akina mama mbegu za maharage, konzi moja moja, na kila aina ikapewa namba na mstari wake shambani. Mara moja kwa mwaka kulikuwa na siku ya wakulima: turubai, hotuba, soda moja kwa kila mtu, kisha geti linafungwa. Akina mama wa huku hupanda maharage ya aina nyingi kwa pamoja, kwa hesabu yao kwamba mvua ikiyaangusha haya, yale yatasimama. Wataalamu wakawaambia huo ni uchafu. Wakaitikia ndiyo, wakarudi nyumbani, wakachanganya kama kawaida. Halafu mradi ukaisha. Watafiti wakahamishwa, nguzo za uzio zikageuka kuni, na ofisi leo ni stoo ya saruji. Mbegu zilikuwa zichukuliwe na gari kutoka makao makuu. Gari halikuja. Marehemu alilisubiri msimu mzima, kisha akazibeba mbegu zote hadi kwake Mugoma, ndani ya makopo ya maziwa ya unga.

Nilimkuta miaka michache iliyopita, nilipokwenda kuandika juu ya magofu ya kituo. Watu walinielekeza huku wakicheka: "Nenda kwa yule mzee wa makopo." Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua macho kutoka kwenye mistari yake. Shamba lilikuwa limenyooka kama daftari, kila mstari na kigingi chenye namba. "Mbegu ya maharage inachoka, bwana mwandishi," aliniambia. "Ukiiacha koponi miaka mingi, siku ukifungua unakuta umetunza vumbi. Lazima ipandwe, ivunwe, irudi." Basi kila msimu alipanda, akavuna mstari mmoja mmoja, akapiga maharage ya kila mstari mbali na mengine, akarudisha kila aina kwenye kopo lake. Nilimwuliza majirani wanasemaje. "Wanasema maharage ni maharage." Akacheka, nami nikacheka naye, ingawa niliona kwamba halikuwa jambo la kuchekesha. Kuna upweke wa kukosa watu, na kuna huu wa kuzungukwa na watu wema ambao hawajui unafanya nini. Huu wa pili ndio uliokuwa wake.

Nikaanza kumtembelea kila nilipopata safari ya huko. Siku moja alinitolea mfuko. Alikuwa amegawa mbegu zote nusu kwa nusu, kila aina katika kifuko chake na namba yake, akaniomba nizipeleke kituo kikubwa, wazihifadhi huko wanakojua. Mzigo wenyewe haukufika hata uzito wa mtoto mchanga. Lakini mkononi nilikuwa na mkungu wa ndizi na mfuko wa maparachichi, na nilikuwa nawahi gari Lusahunga. Nikamwambia, "Mzee, safari ijayo." Akasema, "Haya." Akaurudisha mfuko ndani. Msimu ulipofika akapanda zote, hata zile nusu zilizokuwa zangu, bila kubakiza kitu koponi, maana mbegu haisubiri. Nimeandika mengi katika ukurasa huu kuhusu viongozi wanaoahidi na wasitimize. Sikuwahi kuandika hili.

Msimu huo ndio aliougua ngiri. Alilazwa wiki mbili, mkewe kando ya kitanda, na nyumba ikabaki na kufuli. Maharage yalikuwa yamekauka shambani na mawingu yameanza kujikusanya. Akina mama wa jumuiya yao, wale wanaosali pamoja nyumba kwa nyumba, wakafanya jambo ambalo Wakatoliki wa Mugoma humfanyia mgonjwa yeyote bila kuombwa: walimwendea shambani. Waling'oa yote, wakayalundika kwenye turubai moja, wakayapiga kwa fimbo huku wakiimba, wakapepeta, wakachambua vijiwe, wakajaza magunia. Hata vigingi walivifunga vizuri kwa kamba ya mgomba, wakaviegemeza mlangoni visije vikapotea.

Alinipigia siku aliyotoka hospitali. "Bwana mwandishi, wamenivunia." Nikamjibu, "Afadhali, mzee, mvua ingeharibu." Akanieleza taratibu, na nikaelewa kwamba kazi ya miaka yote ile ilikuwa ndani ya magunia, imechanganyika, safi kabisa. Nilimwuliza amewaambiaje. "Nimewashukuru. Mke wangu amewapikia chai." Nikapandwa na hasira, nikasema lazima wajue walichofanya. Akanikatiza. "Nikiwaambia, siku nyingine nikilala kitandani nani atakuja? Waache. Wamenipenda."

Akaanza kutenganisha. Kila asubuhi aliketi barazani na ungo, akichagua punje kwa rangi na umbo. Zilizofanana mno alizipanda kwenye makopo yaleyale, akasubiri maua yamwambie, jeupe huku, la zambarau kule. Majirani walipita, wakamwona mzee akichambua maharage, wakamsalimu, wakaendelea na safari zao. Aliwaitikia. Macho yakaanza kumsaliti, akawa anazisogeza punje mpaka karibu na pua. Nilimtembelea mara mbili tu katika kipindi hicho. Kusema kweli nilikuwa namkwepa, kwa sababu kila punje aliyoiokota ilikuwa inanidai mfuko ule.

Tulimzika palepale nyumbani kwake, kwa mvua nyepesi. Padri alisema marehemu alikuwa mkulima hodari, na hiyo ndiyo sifa aliyozikwa nayo. Baadaye mkewe alinipeleka barazani akanionyesha makopo. Machache yalikuwa na namba. Gunia zima lilikuwa bado. "Haya yalimshinda," alisema. "Alisema yanafanana."

Mama mmoja wa jumuiya, mtu mzima, alikuwa ameketi karibu akipumzisha miguu. Nilimsalimia, akaniambia kwa fahari, "Sisi ndio tulimvunia mwaka ule. Hakuna hata punje iliyopotea." Nilitaka kukasirika, nikashindwa, maana uso wake ulikuwa umevimba kwa kilio. Nikachota konzi ya yale maharage nikampa, sijui kwa nini, labda kwa kukosa la kusema. Aliyatandaza kwenye kitenge mapajani na vidole vyake vikaanza kwenda vyenyewe, hili huku, lile kule, bila kuyatazama sawasawa.

"Hili linawahi kuiva," alisema. "Hili linachelewa ila linavumilia jua. Hili la mama yangu, halipendi shamba la bondeni. Hili linafanana na lile, lakini liguse mgongoni, ni jembamba."

Nilimwuliza amejuaje. Alinishangaa. Ni mbegu zao, akasema, walizitoa wao siku wale watu wa kituo walipopita wakiomba. Msomaji wangu, tulijenga kituo, tukakizungushia uzio, tukaajiri watu wa kuzipa namba mbegu za mama huyu, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyemwuliza swali, si wataalamu, si marehemu, si mimi niliyekuwa na siri ya mzee na kalamu mkononi. Tukijifunza kitu kwa mzee huyu, na kiwe hiki: kumficha jirani shida yako ili asiumie ni kumnyima nafasi ya kukusaidia.

Basi nikamweleza yote, ungo, maua, macho, miaka miwili ya barazani. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono imetulia juu ya kitenge. Alitazama kaburi, akatazama gunia.

"Nyumba yangu ni ile pale," alisema. "Mbona hakusema?"