Ukoga Kwenye Tangi la Samaki

Haukuwa matope wala kutu. Ulikuwa ute wa rangi ya kahawia, mwepesi, wa kuteleza, uliotanda kwenye kioo cha tangi la samaki la baba yangu, ukapanda juu ya mawe, ukashika hadi bomba la pampu. Ukiugusa kwa kidole unatoka kirahisi, na hilo ndilo lililotia hasira, maana baada ya siku tatu unaukuta palepale kama hujafanya kitu. Wifi yangu, mke wa kaka, aliuona mara ya kwanza akiwa na kikombe cha chai mkononi. Chai aliimwaga yote.

"Huu ni ukoga," alisema. "Nimetoka kuukwangua kazini kutwa nzima, nakuja kuukuta sebuleni kwangu."

Na wifi anaujua ukoga. Anafanya kazi kwenye kliniki ya meno: mtu analala kwenye kiti, anafungua kinywa, wifi anakwangua. Wenzake wamembandika jina la Mama Kwangua. Miaka kumi na minne ya kazi hiyo haijamwondolea kinyaa hata kidogo, nadhani imemwongezea. Vyombo vyake anavichemsha, mikono anaiosha mpaka inachubuka, na akifika nyumbani anajitua mzigo kwa kusimulia. Tukikaa mezani kula, anaanza: "Leo nimekutana na kinywa, jamani." Ataonyesha kwa uma jinsi jino lilivyokuwa linacheza, ataiga mgonjwa anavyoongea kwa pembe ya mdomo ili harufu isitoke. Kaka husukuma sahani yake mbali. Mimi huenda kula kwao kila Jumamosi, na ndimi msikilizaji wake mkubwa. Nacheka mpaka machozi yanitoke. Akisahau, namkumbusha: "Wifi, tupe cha wiki hii."

Baba alihamia kwao miezi miwili iliyopita, baada ya kuanguka kwenye ngazi za nyumba yake na kulala pale chini tangu alfajiri hadi saa sita mchana bila mtu kujua. Alikubali kuhama kwa sharti moja. Tangi lilikuwa la marehemu mama, na lazima lije naye. "Wakitoka samaki, na mimi natoka," alisema, na baba yangu si mtu wa kusema jambo mara mbili. Tangi lilikuja tupu, samaki kumi na mmoja wakiwa kwenye ndoo. Likajazwa maji na kuwekwa kwenye kona yenye kiza karibu na meza ya kula, pembeni kabisa ya kiti cha baba.

Wifi alilichukia lile tangi, lakini alimheshimu mkwewe, kwa hiyo alilichukia huku akilihudumia. Kila baada ya siku tatu alivaa glovu na barakoa, akatoa mawe, akayachemsha kwenye sufuria mbovu. Sponji ya pampu nayo akaichemsha. Kioo alikisugua kwa mswaki huku ameugeuza uso, na ungemsikia akipambana na kichefuchefu chake. Siku moja nilimkuta ameishika ile sponji kwa ncha za vidole viwili, inachuruzika maji ya rangi ya kinyesi cha mtoto mchanga, inanuka kama maji ya maua yaliyosahauliwa mwezi mzima. Nilitoka nje kupunga hewa. Sikumsaidia, nisiseme uongo.

Wakafa samaki wawili, wiki iliyofuata wakafa watatu. Kaka akafura. Jumamosi moja akasema mbele ya baba kwamba kesho yake tangi linatoka, nyumba imeanza kunuka kama mtaro. Kisha akaondoka zake kazini. Baba aliinuka polepole, akaenda chumbani, tukasikia zipu ya begi.

"Anarudi kwenye zile ngazi," wifi aliniambia jikoni, bila utani hata chembe. "Safari hii tutamkuta amekufa. Twende kwa muuza samaki sasa hivi."

Duka la muuza samaki lilikuwa jembamba, tangi juu ya tangi, maji safi mpaka yanatia wivu. Mwenyewe alimsikiliza wifi kwa upole hadi alipofika kwenye habari ya kuchemsha. Hapo akashika kichwa.

"Hapo ndipo ulipoharibu, mama. Ndani ya sponji kuna vijidudu vinavyokula uchafu. Ukiviua, tangi linaanza upya, na tangi jipya ndilo linaloota huo mwani wa kahawia. Isuuze tu kwa maji ya tangi lenyewe, basi. Na chakula unawapa kiasi gani?"

"Chembechembe tu. Asubuhi."

"Kwa uchafu unaonieleza, hapana. Kuna kitu kinaozea humo. Yupo mtu mwingine anayewalisha."

Njiani nilimtania kwamba Mama Kwangua ameua samaki kwa usafi. Akaongeza mwendo.

Tuliporudi baba alikuwa bado chumbani. Wifi alivaa glovu, akaingiza mkono hadi kwenye kiwiko, akainua jiwe la nyuma, lile kubwa lililoelekea kiti cha baba, ambalo kwa uzito wake hakuwahi kulitoa. Kwenye uwazi uliokuwa chini yake kulikuwa na lundo. Kwanza nilidhani ni panya. Zilikuwa nyama, vipande vilivyotafunwa vikashindikana, vimegandana na mkate uliolowa, vimeota manyoya meupe na kufunikwa na ule ute. Alipoyashika yale madonge yalifumuka. Harufu yake nilikimbia nayo hadi kwenye sinki, nikatapika chakula cha mchana chote.

Nilipogeuka, wifi alikuwa palepale, machozi ya kichefuchefu yanamtiririka, kipande cha nyama kiko kiganjani anakichunguza.

"Hii imetafunwa kwa meno ya mbele tu," alisema. "Magego hayajaigusa."

Baba alikuwa amesimama mlangoni na begi lake. Aliona kilichokuwa mkononi mwa mkwewe, akaangalia chini. Wifi alitupa ule uozo, akabadilisha glovu, akatoa tochi kwenye mkoba wake wa kazini.

"Kaa hapa, Baba. Fungua kinywa."

Hakuna mke wa mtu anayependa kumwambia baba mkwe maneno hayo. Baba alinitazama mimi. Mimi ni mtoto wake wa kumzaa. Kila Jumamosi nilikaa mkabala naye, nikamwona akigeukia tangi na kitambaa mdomoni, nikadhani anamkumbuka mama.

"Si utakwenda kunisimulia mezani," baba alisema, kiganja kimeziba mdomo.

Wifi alilisukuma lile begi kwa mguu hadi chini ya meza. "Hakuna anayetoka hapa. Wala wewe, wala samaki. Fungua, Baba."

Akafungua. Harufu ilinifikia nilipokuwa nimesimama. Magego mawili ya kulia yalikuwa yameoza hadi kwenye fizi, fizi zimevimba usaha, na kila jino lililobaki limevaa ukoga wa kahawia. Wifi alikunja uso, maana kinyaa chake hakijawahi kujua kujificha, lakini kichwa hakukigeuza. Alimulika jino moja baada ya jingine.

"Yanauma tangu lini?"

"Zamani kidogo."

"Kwa nini hukuniambia, Baba? Si ndiyo kazi yangu?"

"Nilitaka kukwambia," alisema baba. "Ilikuwa Jumamosi ile mliyomcheka yule mzee."

Nilijaribu kukumbuka ni mzee yupi. Wifi naye alikuwa anajaribu, nilimwona. Walikuwa wengi.